Mashua na Rangi Yake
Mafundisho kwa mtu aliyeunda chombo chake mwenyewe

Mtu akitembea ufukoni Lamu, Kipini, Gazi au Vanga wakati maji yamekupwa, ataona vyombo vingi vimelala ubavu mchangani: madau, ngalawa, mashua na mitumbwi. Vingine vimepakwa rangi nyeupe, buluu na nyekundu, navyo vyang'aa juani. Vingine ni vyeusi kwa mafuta ya miaka mingi. Mgeni apitaye hudhani ya kuwa rangi ile ni pambo tu. Mvuvi ajua zaidi. Rangi ni ngozi ya chombo. Ngozi ikiwa nzima, mwili hukaa salama. Ikichubuka, ubaya huingia ndani.

Lakini rangi ina tabia ya pili ambayo watu wengi huisahau. Huhifadhi mbao nzuri, na huficha mbao mbovu. Chombo kilichopakwa juu ya ubao uliooza hupendeza bandarini sawasawa na chombo kizima, wala hapana atakayejua tofauti yake mpaka siku ya upepo mkali, mbali na pwani, ubao uachiapo msumari wake. Siku hiyo rangi nzuri haimfai mtu. Basi yampasa kila mwenye chombo ajue namna ya kupaka rangi ipasavyo, na namna ya kuitunza mwaka hata mwaka.

KIJANA NA FUNDI MZEE

Chukuliwe mfano wa kijana aliyeunda mashua ya futi 15 kwa mikono yake mwenyewe. Aliuza mbuzi wake ili apate fedha za mbao na misumari. Akafanya kazi kila jioni chini ya mwembe. Na mashua ilipokwisha, jamaa zake wote walimsifu. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha, lakini yeye hakuweza kungoja. Akanunua rangi nzuri ya bei kubwa, akaipaka mara mbili katika siku moja, na siku ya tatu akaishua mashua yake baharini.

Mwaka haukutimia, rangi ikaanza kuinuka kwa malengelenge kama ngozi ya mtu aliyeungua maji ya moto. Kijana akakasirika, akaenda kwa fundi mzee wa vyombo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Una habari gani?"

"Nimeuziwa rangi mbovu, mzee. Tazama, haikushika."

Mzee hakujibu. Akatoa kisu chake, akatoboa lengelenge moja kwa ncha. Maji yakatoka, yakatiririka ubavuni mwa mashua. Kisha akaikandamiza ncha ile ile juu ya ubao, nayo ikazama nusu inchi pasipo nguvu.

"Rangi hii imeshika sana," akasema. "Imeyashika maji ndani yasipate njia ya kutoka. Wewe ulipaka juu ya mbao mbichi, mwanangu. Ulidhani umefunga mlango, kumbe mwizi ulimfungia ndani."

Mbao tatu zilibidi kung'olewa. Fedha za mbao hizo, na siku ambazo kijana hakwenda kuvua, zilipita mbali bei ya rangi yote aliyonunua. Walakini alikuwa na bahati, kwa kuwa ugonjwa ule ulionekana nchi kavu.

MAADUI WA MBAO

Kabla ya kushika brashi, yafaa mtu awajue maadui ambao rangi huwekwa kuwazuia. Nao ni wanne.

Adui wa kwanza ni jua. Pwani ya Kenya iko karibu na Ikweta, na jua lake ni kali mwaka mzima. Mwanga wa jua huivunja rangi polepole, nayo hufifia, kisha huwa kama unga mkononi, kisha hupasuka. Vanishi, ambayo hupitisha mwanga mpaka kwenye mbao, huharibika upesi zaidi kuliko rangi. Kwa hiyo mlingoti au kasia lililopakwa vanishi lataka kupakwa tena mara kadhaa kwa mwaka, na ubavu wa mashua ni afadhali upakwe rangi. Tena rangi nyeusi hunywa joto na nyeupe hulirudisha. Ubao uliopakwa rangi nyeusi hupata moto sana mchana na kupoa usiku, hutanuka na kusinyaa kila siku, hata maungio yake yakafunguka. Hii ndiyo sababu rangi nyeupe, au nyingine isiyokoza, yafaa zaidi kwa sehemu za juu.

Adui wa pili ni maji ya mvua. Watu wengi husadiki ya kuwa maji ya bahari ndiyo yaozeshayo chombo. Kwa kweli kuoza ni kazi ya kuvu, na kuvu haipendi chumvi. Hupenda maji baridi yaliyotuama mahali pasipo hewa. Ubao wenye maji chini ya sehemu 20 katika 100 za uzito wake mkavu hauozi, maana kuvu haiwezi kuishi humo. Ukizidi hapo kwa muda mrefu, huoza hata ukiwa wa mti mgumu. Basi sehemu za kuangaliwa sana ni zile ambazo mvua hukaa: chini ya sitaha, kwenye pembe za omo na tezi, na ngamani kati ya mataruma.

Adui wa tatu yuko baharini tu, naye ni mdudu ambaye wataalamu humwita teredo. Umbo lake ni kama mnyoo mrefu mweupe, lakini ni wa jamii moja na chaza, na kichwani ana magamba mawili madogo ambayo huyatumia kama tupa. Akiwa mchanga huelea majini, naye ni mdogo mno. Aonapo ubao usio na kinga hujishika, hutoboa tundu la kadiri ya kichwa cha pini, akaingia. Kisha hukua humo ndani huku akila mbao, wala hatoki tena. Mwenye chombo atazamapo nje huona tundu dogo lisilomtia hofu. Ndani mna njia pana kama kidole. Katika miaka ya 1730 mdudu huyu aliharibu mbao zilizolinda kuta za bahari katika nchi ya Uholanzi, hata watu wakalazimika kuweka mawe mahali pa mbao. Ikiwa aliweza kuitia hofu nchi nzima, mashua moja si kitu kwake.

Adui wa nne ni mwenye mashua mwenyewe, akiwa na haraka.

DESTURI YA WAZEE

Wazee wa pwani hawakuwa na rangi za mikebe, lakini walivihifadhi vyombo vyao vizuri. Sehemu ya juu waliipaka sifa, yaani mafuta ya samaki, hasa ya papa, yaliyoingia ndani ya mbao na kuzizuia zisipasuke. Sehemu ya chini ya maji waliipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu au mafuta. Kabla ya kupaka deheni walikipweleza chombo wakati wa maji makubwa, wakawasha makuti makavu na kuyapitisha chini ya mbao, ili joto liwaue wadudu waliokwisha kuingia. Desturi hii ilikuwa na akili nyingi ndani yake: chombo kilikaguliwa mara kwa mara, kilikaushwa, na kinga yake ilifanywa upya kabla haijaisha.

Mtu atakaye kufuata njia ya sifa na deheni hata leo hafanyi kosa. Kosa ni kuzichanganya njia mbili. Rangi haishiki juu ya mafuta ya samaki wala juu ya shahamu. Mashua iliyopakwa sifa miaka mingi, ikipakwa rangi ghafula, itaivua rangi ile kama nyoka avuavyo gamba. Ikiwa ni lazima kubadili, hapana budi kukwangua mpaka mbao safi, kuosha kwa tapentaini na vitambaa safi, na kuacha jua likaushe. Na hata hivyo yafaa kujaribu kwanza ubao mmoja.

KUTAYARISHA MBAO

Fundi mwema hutumia muda mwingi zaidi katika kutayarisha kuliko katika kupaka. Katika kazi ya siku kumi, labda siku saba ni za kukwangua, kupiga msasa, kuziba na kungoja.

Jambo la kwanza ni ukavu. Mbao zilizopasuliwa karibuni zipangwe kivulini, na vijiti katikati ili hewa ipite, na zikae miezi kadhaa kabla ya kuundiwa chombo. Mashua iliyokwisha kuwa majini nayo yataka siku nyingi za kukauka. Kuna njia nyepesi ya kupima. Twaa kipande cha nailoni chenye upana wa kiganja, kikaze juu ya ubao kwa kubandika kingo zake zote, ukiache juani siku moja. Ukikuta matone ya maji chini ya nailoni, ubao ungali mbichi, ngoja.

Jambo la pili ni kukagua. Gusa kila ubao kwa ncha ya kisu, hasa karibu na misumari na mahali mbao zikutanapo. Ubao mzima huizuia ncha na kutoa sauti kavu. Ubao uliooza huipokea, na sauti yake ni nzito. Palipooza pakatwe mpaka kwenye mbao nzima na kutiwa kiraka. Kuziba uozo kwa puti na kuupaka rangi ni kujidanganya mwenyewe, na ni kumdanganya kila mtu atakayepanda mashua ile.

Jambo la tatu ni maungio. Mashua ya mbao hutiwa kalafati, yaani pamba ipigwayo kwa patasi butu katikati ya mbao ili maji yasipite. Kabla ya kutia kalafati, paka rangi ya msingi ndani ya ungio. Baada ya kuitia, paka tena juu ya pamba. Kisha ziba kwa puti. Bila rangi hiyo mbao hunyonya mafuta yaliyomo ndani ya puti, nayo puti hukauka, ikapasuka na kuanguka. Tena puti isijazwe hata ikavimba nje, kwa sababu mbao zikiingia majini hutanuka na kuisukuma.

Jambo la nne ni msasa. Sugua kwa msasa mkali kwanza, kisha kwa ule laini, ukifuata njia ya nyuzi za mbao. Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo cha tapentaini. Rangi ikipakwa juu ya vumbi hulishika vumbi, nalo vumbi halikushika mbao.

KUPAKA RANGI

Rangi ifaayo mashua ni rangi ya mafuta iliyotengenezwa kwa vyombo vya majini. Rangi ya kuta za nyumba, ile ichanganywayo na maji, ni rahisi, na kwa ajili hiyo huwavuta wengi. Lakini haikutengenezwa kukaa majini, nayo hulainika na kubambuka.

Kwanza hupakwa rangi ya msingi, iliyolainishwa kidogo kwa tapentaini ili iingie ndani ya mbao. Ncha za mbao zipewe rangi hii mara tatu au zaidi, mpaka zisinywe tena. Ubao ni kama fungu la mirija midogo. Ubavuni mirija imefungwa, nchani iko wazi, na maji huingia huko kwa wingi sana. Wengi hupaka vizuri ubavu uonekanao na watu, wakaiacha tupu ncha iliyojificha chini ya ukingo, na uozo huanzia hapo.

Pili hupakwa rangi ya kati, mara mbili, na kila mara ikisha kukauka husuguliwa kwa msasa laini mpaka mng'ao wake uishe, ili rangi ifuatayo ipate mahali pa kushika. Tatu hupakwa rangi ya juu ing'aayo, mara mbili. Lita moja ya rangi hutosha kwa kadiri ya mita za mraba 10 kwa mpako mmoja juu ya ubao laini. Basi kwa mashua ya futi 15 mtu akadirie lita moja hivi kwa kila mpako wa nje.

Mipako mingi myembamba ni bora kuliko mmoja mnene. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo iliyoanikwa. Hukaza kwa kuvuta hewa. Mpako mnene hukaza juu na kubaki laini chini, kisha hujikunja. Kwa sababu hiyo tena haifai kupaka mara mbili katika siku moja, isipokuwa maelezo ya mkebe yaruhusu. Maelezo hayo yasomwe yote kabla ya kuufungua mkebe. Na asiyeweza kuyasoma amwombe mtoto wake aliye shuleni amsomee.

Saa ya kupaka nayo ina maana. Anza asubuhi umande ukisha kukauka, na acha mapema alasiri, ili rangi ianze kukaza kabla umande wa jioni haujaanguka. Usipake katika jua kali la mchana, kwa maana rangi hukaza juu mara moja na kufanya malengelenge. Kibanda cha makuti juu ya mashua huizuia jua na mvua, na huzuia maungio yasifunguke kwa kukauka kupita kiasi. Miezi iliyo bora pwani ni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mvua za vuli zikisha kupita na masika hayajaanza.

Kalenda ya kazi hutolewa na mwezi wenyewe. Mashua ikivutwa juu kabisa wakati wa bamvua, maji hayataifikia tena mpaka bamvua ifuatayo, yapata siku 14. Muda huo watosha kwa mashua ndogo iliyo nzima, ikiwa mtu ataugawa vizuri: siku za kwanza kuosha, kukwangua na kukausha, siku za katikati kuziba na kupaka rangi ya msingi na ya kati, siku za mwisho kupaka rangi ya juu na kungoja ikaze. Mbao zikionekana kuwa bado mbichi, ni afadhali kungoja bamvua nyingine.

SEHEMU YA CHINI YA MAJI

Chini ya mstari wa maji rangi ya kawaida haitoshi, maana haiwazuii majani ya bahari, wala vile viumbe vidogo vyenye magamba makali vishikavyo mbao, wala teredo. Hapa hutumiwa rangi yenye shaba. Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1761 manowari ya Uingereza iitwayo Alarm ilifunikwa chini kwa bati nyembamba za shaba. Iliporudi kutoka safari ya visiwa vya Karibi, mbao zake zilikuwa hazikuliwa na mdudu. Lakini misumari yake ya chuma, mahali ilipogusana na shaba, ilikuwa imeliwa vibaya. Shaba na chuma vikigusana katika maji ya chumvi, chuma hufa.

Somo hilo lamhusu mvuvi wa leo pia. Ikiwa mashua yake ina misumari ya chuma, hata iliyopakwa zinki, kila kichwa cha msumari kizamishwe, kizibwe kwa puti, na kifunikwe vizuri kwa rangi ya msingi kabla ya kupaka rangi ya shaba. Tena asiache mahali padogo patupu, hata chini ya mkuku, ambapo mashua hulalia na brashi haifiki. Aiinue, apake huko pia. Teredo atosheka na nafasi ya pini.

Rangi hizi huzuia wadudu kwa sababu zina sumu. Dunia imejifunza jambo hili kwa hasara. Katika miaka ya 1960 ilianza kutumiwa rangi yenye sumu ya bati iitwayo TBT, nayo ilifanya kazi vizuri sana. Lakini katika miaka ya 1970 chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, walianza kuharibika magamba na kukosa kuzaa. Ufaransa iliizuia kwa mashua ndogo mwaka 1982, na mapatano ya mataifa yaliyofanywa mwaka 2001 yakaanza kuipiga marufuku duniani kote mwaka 2008. Mtu akikuta mkebe wa zamani wa rangi hiyo, asiutumie. Na rangi ya shaba nayo, ikwanguliwapo, takataka zake zikusanywe juu ya turubai. Zisiachwe ufukoni ambapo maji yatazichukua mpaka penye samaki na kaa.

Wavuvi wa Ziwa Victoria wana nafuu hapa, kwa kuwa teredo hayupo katika maji baridi, wala hawana haja ya rangi ya shaba katika ziwa ambalo watu huteka maji ya kunywa. Lakini adui wa pili, yaani uozo, ana nguvu zaidi kwao, maana hakuna chumvi ya kumzuia. Yawapasa waangalie zaidi ukavu wa mbao na hewa ndani ya chombo.

HADHARI

Zamani rangi nyingi zilitiwa madini ya risasi, na ile nyekundu ya msingi iliyotumiwa sana kwa vyombo ilikuwa ya risasi hasa. Sasa yajulikana ya kuwa vumbi la risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hata likiwa kidogo. Mtu akiikwangua mashua ya zamani asisugue kavu. Alowanishe maji, afunge kitambaa puani na kinywani, awaweke watoto mbali, na anawe kabla ya kula. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Hatari nyingine haijulikani na wengi. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, vikirundikwa pamoja, hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka pasipo kiberiti. Nyumba ya makuti yaweza kuteketea usiku kwa sababu ya rundo la vitambaa pembeni. Vitandazwe kimoja kimoja nje mpaka vikauke, au vitiwe ndani ya maji.

KUTUNZA

Mashua ikisha kupakwa vizuri, kazi yake ya kila siku ni ndogo. Irudipo kutoka baharini imwagiwe maji safi ndani na nje, kisha ngama ifuliwe na kukaushwa. Matundu yaliyo chini ya mataruma, yapitishayo maji, yasizibwe na magamba ya samaki wala mchanga. Wakati wa mvua ifunikwe, lakini hewa iachiwe njia chini ya kifuniko.

Mara moja kwa juma mwenye mashua aizunguke na kuitazama polepole. Mahali nanga ilipogonga, mahali kamba isuguapo, mahali mtoto alipobururia kasia, ndipo ngozi inapochubuka. Palipochubuka pakwanguliwe mpaka kwenye mbao kavu, kingo za rangi zisawazishwe kwa msasa, kisha papakwe rangi ya msingi, ya kati na ya juu kama mara ya kwanza. Ni kazi ya kikombe kimoja cha rangi. Ikiachwa miezi sita itakuwa kazi ya ubao mmoja. Ikiachwa miaka miwili, huenda ikawa kazi ya mashua nzima.

Kila mwaka mashua isuguliwe kwa msasa na kupewa mpako mmoja au miwili ya rangi ya juu, na chini ya maji rangi ya shaba mpya. Hapana haja ya kuikwangua yote kila mwaka. Rangi ya zamani iliyoshika sawasawa ni msingi mwema. Lakini baada ya miaka mingi tabaka huwa nene, hukosa kunyumbuka pamoja na mbao, na hupasuka. Hapo ndipo ikwanguliwe yote na kazi ianzwe upya.

Yule kijana wa mfano alitia mbao tatu mpya, akangoja masika yaishe, akangoja tena mpaka kaskazi. Siku aliyopima kwa nailoni na kukuta kavu, alimwita mzee. Mzee akaizunguka mashua na kisu chake, akigusa hapa na pale. Mara zote ncha ilizuiwa.

"Sasa paka," akasema. "Na ukisha kupaka, mwanangu, usimwamini mtu asemaye kwamba mashua yako ni nzuri. Iamini ile ncha ya kisu."

Kila mtu aliyeunda chombo kwa mikono yake amekwisha kuonyesha ya kuwa ana bidii na akili. Limebaki jambo moja, nalo ni uvumilivu wa kungoja mbao zikauke, na wa kuziba mchubuko ungali mdogo. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Baharini hakuna mahali pa kujenga ukuta. Basi ufa uzibwe ufukoni.